Kumtambua nyigu-msumeno mzima: umbo kwanza, rangi mwisho

Si kila kiwavi anayekula kabichi, sukuma wiki au figili atageuka kuwa nondo au kipepeo. Wale weusi, au wa kijivu kilichokolea, ambao ukitikisa jani hujikunja na kuanguka chini, mara nyingi ni watoto wa nyigu-msumeno. Kutowajua kunamgharimu mkulima. Dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki, inayouzwa katika maduka ya pembejeo dhidi ya nondo mgongo-almasi, huua watoto wa nondo na vipepeo, lakini haiwadhuru watoto wa nyigu-msumeno. Mkulima hunyunyiza, husubiri, hunyunyiza tena, kisha huilaumu dawa au huongeza kipimo, kumbe dawa ni nzima ila mdudu ndiye mwingine.

Kuhesabu miguu ya kiwavi kunatosha kutenganisha makundi hayo mawili. Nyuma ya miguu sita ya kifuani, mtoto wa nondo ana jozi tano au pungufu za miguu minene ya tumbo. Mtoto wa nyigu-msumeno wa kabichi ana jozi nane. Lakini kiwavi hakufikishi mbali zaidi ya hapo. Jenasi na spishi husomwa kwa uhakika kwenye mdudu mzima mwenye mabawa, na huyo ndiye mwongozo huu unayemshughulikia.

Kanuni ni moja, nami nakuomba uishike tangu sasa: umbo kwanza, rangi mwisho. Mashamba yetu yamejaa wadudu wa rangi ya chungwa na nyeusi wasio na undugu wowote. Wapo nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na hivyo kumsaidia mkulima, wapo mbawakawa wanaotoboa majani ya maboga, wapo nzi, na yupo nyigu-msumeno. Anayetambua kwa rangi peke yake atamuua rafiki na kumwacha adui.

Vifaa na namna ya kumpata

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kukufikisha kwenye familia, na mara nyingi kwenye jenasi. Kwa spishi utahitaji hadubini. Ongeza chupa ndogo zenye vifuniko, wavu wa kitambaa chepesi, pini za wadudu, vipande vya karatasi ngumu na penseli.

Mtafute asubuhi kabla jua halijawa kali, wakati bado ni mzito na hukaa juu ya majani bila haraka. Jua likichanganya huanza kuruka, polepole na chini chini. Angalia pia maua ya giligilani, karoti na shamari yaliyoachwa yachanue, kwa maana wadudu wazima hupenda kunywa hapo. Bakuli la njano lenye maji na tone la sabuni, likiwekwa kati ya matuta, litawanasa hata ukiwa nyumbani. Unaweza kumshika kwa vidole: nyigu-msumeno hana mwiba wa sumu na hawezi kukuchoma.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kumlea. Weka viwavi wakubwa kwenye chupa pana yenye udongo laini wenye unyevu kidogo, kina cha vidole vinne, na majani mabichi ya mmea uleule uliowakuta nao. Funika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Wakishiba watajichimbia na kufuma kifuko kidogo cha hariri kilichoshikamana na chembe za udongo. Penye joto, wiki mbili au tatu hivi zinatosha watoke na mabawa. Nyanda za baridi huchukua muda zaidi, basi usiumwage udongo mapema. Faida ya kulea ni kwamba unapata mdudu mzima ukijua bila shaka alikula mmea gani.

Lea wengi, si mmoja. Kwa nyigu-msumeno, kama kwa nyuki, yai lisilorutubishwa huanguliwa na kutoa dume. Jike ambaye hakupandwa atataga, na watoto wake kwa kawaida watakuwa madume watupu. Kwa utambuzi wa spishi utawahitaji jike na dume pia.

Waliotoka, waweke kwenye friza usiku mzima, kisha mchome kila mmoja pini upande wa kulia wa mgongo wa kifua ili upande wa kushoto ubaki mzima, au mgandishe kwenye ncha ya karatasi ngumu iliyokatwa pembetatu. Mpige picha kabla hajakauka. Rangi ya njano hufifia, hasa kwa aliyetiwa kwenye spiriti. Hata hivyo, tenga mmoja au wawili kwenye ethanoli ya asilimia 96, kwa sababu hao ndio watakaofaa siku mtu akitaka kusoma DNA yao.

Hatua ya kwanza: kiuno

Mtazame ubavuni. Nyigu wa kawaida, siafu na nyuki wana kiuno kilichobana kati ya kifua na tumbo. Nyigu-msumeno hana. Kifua chake kinaungana na tumbo kwa upana wote. Hii ndiyo alama kubwa ya kundi zima, lenye spishi zaidi ya 8,000 duniani, na ukiikosa hapa usiendelee.

Kisha hesabu mabawa. Lazima yawe manne, yote laini na yenye kupitisha mwanga. Nzi ana mawili. Mbawakawa ana manne, ila mawili ya juu yamekuwa magamba magumu. Wengi huteleza kwa nzi, kwa sababu nao baadhi hawana kiuno chembamba.

Thibitisha kwa madoa mawili ya mgongoni. Fungua mabawa kwa ncha ya pini na utazame nyuma kidogo ya kibao kidogo kinachomalizia mgongo wa kifua. Utaona vidoa viwili vilivyoinuka, vyeupe au vya rangi hafifu, kimoja kila upande. Uso wake ni wa kukwaruza, na kazi yake ni kuyashika mabawa yasicheze mdudu anapotua. Nyigu wenye kiuno chembamba hawana vidoa hivi. Miongoni mwa nyigu-msumeno, ni familia moja tu, Cephidae, isiyokuwa navyo.

Hatua ya pili: vipapasio

Kama ungeruhusiwa kutazama kiungo kimoja tu, tazama vipapasio. Hesabu pingili zake kuanzia kichwani, ukianza na ile fupi nene ya shinani.

Pingili tatu tu, na ya tatu ndefu kuliko kitu kingine chochote pale: huyu ni wa familia Argidae. Pingili hiyo ya mwisho haina maungio. Kwa madume mara nyingi ina manyoya, na katika baadhi ya jenasi imegawanyika matawi mawili tangu chini. Hakuna familia inayotambulika kwa urahisi zaidi ya hii, na katika Afrika ya kitropiki ni miongoni mwa zinazoonekana mara kwa mara.

Pingili tisa, nyembamba, zikienda sawasawa mpaka mwisho: karibu hakika ni Tenthredinidae, familia kubwa kuliko zote. Idadi yaweza kupanda au kushuka kidogo kutegemea jenasi.

Pingili kumi au kumi na moja, fupi, zinazonenepa kidogo kuelekea nchani: hapa umefika kwa Athalia, nyigu-msumeno wa kabichi na jamaa zake. Usikadirie. Weka mdudu juu ya karatasi nyeupe, hesabu kipapasio cha kushoto, kisha cha kulia, na uandike zote mbili.

Vipapasio vyenye meno pembeni, au kwa dume matawi mengi membamba kila upande, ni vya Diprionidae, wala majani ya misonobari. Vilivyovimba nchani na kuwa rungu ni vya Cimbicidae. Familia hizo mbili ni hasa za nchi za kaskazini, na utazikuta zaidi kwenye vitabu na makusanyo ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini kuliko shambani kwetu.

Hatua ya tatu: bawa na mguu

Bawa linathibitisha kile kipapasio kilichodokeza. Litandaze bawa la mbele na ulimulike kutoka chini. Kwenye ukingo wa mbele, karibu na ncha, kuna doa nene lenye rangi. Chini ya doa hilo, likielekea nchani, lipo eneo refu lililozungukwa na mishipa. Tazama kama kuna mshipa mfupi unaolikata eneo hilo vipande viwili. Kwa Athalia mshipa huo upo. Kwa Argidae haupo, na eneo hubaki moja. Ukiwa na mdudu aliyekatika vipapasio, jambo la kawaida kwa waliokauka, mshipa huu mmoja utakuokoa.

Mguuni, tafuta goko, kipande kirefu kinachofuata paja. Mwishoni mwa goko la mguu wa mbele hesabu miiba. Argidae na Tenthredinidae wana miwili. Nyigu-msumeno wakubwa wanaotoboa miti wana mmoja tu. Kisha hamia mguu wa kati na wa nyuma. Jenasi Arge wana mwiba wa ziada uliosimama katikati ya goko, kabla ya kufika mwisho. Athalia hana mwiba huo.

Hatua ya nne: jike au dume

Mgeuze chali utazame ncha ya tumbo. Jike ana ala mbili bapa zilizobanana katikati, na ndani yake ndimo ulimo msumeno wenyewe: visu viwili vyembamba vyenye meno vinavyoteleza kimoja mbele kingine nyuma, kwa zamu. Kwa visu hivyo hupasua kifuko ndani ya jani, mara nyingi ukingoni, na kuingiza yai. Ukimulika jani la kabichi dhidi ya jua utaona vivimbe vidogo palipotagwa. Dume hana ala. Ncha ya tumbo lake hufunikwa na kibamba kimoja cha mviringo, na mara nyingi mwili wake ni mdogo zaidi.

Usiruke hatua hii. Jike na dume wa spishi moja wanaweza kutofautiana kwa rangi kiasi cha kuonekana spishi mbili.

Nyigu-msumeno wa kabichi kwa karibu

Sasa umefika kwa Athalia, na hapa ndipo rangi inaruhusiwa kusema. Ni mdudu wa milimita 6 hadi 8 hivi, mfupi na mnene kiasi. Kichwa ni cheusi. Tumbo ni la njano ya chungwa. Kifua kina mchanganyiko wa nyeusi na chungwa, na ukingo wa mbele wa bawa pamoja na doa lake ni vyeusi. Miguu mara nyingi ni ya njano yenye pete nyeusi.

Kwa kutenganisha spishi, wataalamu huangalia sehemu hizi, nawe uziandike kwa mpangilio uleule kila mara: mgongo wa kifua, ukieleza ni vipande vipi vyeusi na vipi vya chungwa, ubavu wa kifua, kibao kidogo cha nyuma ya mgongo wa kifua, uso mdogo uliopo juu tu ya mdomo, rangi yake na umbo la ukingo wake, pete za miguu, ni kwenye goko peke yake au zinaendelea hadi kwenye pingili za wayo, na idadi ya pingili za vipapasio.

Mfano mzuri ni Athalia rosae wa Ulaya na Asia, aliyechunguzwa kuliko wenzake wote. Mgongo wa kifua chake una vipande vya pembeni vyeusi huku cha kati cha mbele kikiwa cha chungwa, na wayo una pete nyeusi. Huyo hula jamii ya kabichi na haradali. Jamaa yake Athalia scutellariae, anayeishi maeneo yaleyale ya Ulaya, hula mimea ya jenasi Scutellaria na hana habari na kabichi. Kwa hiyo hata ukishafika kwenye jenasi sahihi, bado hujajua kama aliye mbele yako ndiye anayekula mboga zako. Ndiyo maana ya kumlea mdudu kutoka kwenye mmea wake.

Kwa Afrika, majina utakayokutana nayo kwenye maandishi ni pamoja na Athalia sjostedti, Athalia schweinfurthi, Athalia himantopus na Athalia vollenhoveni. La kwanza linamuenzi Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Wadudu wengi wa milima yetu walipata majina kutokana na makusanyo ya namna hiyo, na vielelezo vya kwanza vilibaki katika makumbusho ya Ulaya. Baadaye Jean Pasteels wa Ubelgiji, na kisha Frank Koch wa makumbusho ya Berlin, walipitia upya nyigu-msumeno wa Afrika, na kazi zao ndizo anazoanzia yeyote anayetaka kuandika jina la spishi bila kubahatisha.

Msumeno ndiyo saini

Weusi wa kifuani unaweza kupanuka au kupungua kati ya mdudu mmoja na mwingine wa spishi ileile. Meno ya msumeno hubadilika kidogo sana. Idadi yake, umbo lake, mteremko wake na umbali kati ya jino na jino ndivyo vinavyotegemewa katika kutenganisha spishi zinazofanana. Kwa dume, kazi hiyo hufanywa na viungo vya uzazi vilivyofichika kwenye ncha ya tumbo.

Kuutoa msumeno si kazi ya jikoni. Hufanyika maabara: ncha ya tumbo la jike hukatwa, hulowekwa kwenye myeyusho wa potasi kali ili nyama iyeyuke, husafishwa kwa maji, kisha visu hutenganishwa kwa sindano nyembamba na kulazwa kwenye tone la gliserini juu ya kioo cha hadubini. Potasi hii huunguza ngozi na macho. Anayeishika avae glavu na miwani. Kama huna maabara, kazi yako ni kumfikisha jike akiwa mzima kwa aliye nayo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi yana makusanyo ya wadudu, na Cape Town ipo Iziko, makumbusho yenye makusanyo makubwa ya nyigu wa Afrika.

Wawili wa kuwajua nje ya shamba la mboga

Wa kwanza ni Sirex noctilio. Huyu hutoboa misonobari, au mipaini kama wengi wanavyoiita. Asili yake ni Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini, na mwaka 1994 aligunduliwa Afrika Kusini. Jike hutaga ndani ya shina na kuacha humo ute wa sumu pamoja na kuvu aitwaye Amylostereum areolatum. Viwili hivyo kwa pamoja huweza kuua mti. Penye mashamba makubwa ya misonobari, kama Sao Hill wilayani Mufindi, inafaa kila mlinzi wa msitu amjue kwa sura. Ni mkubwa, baadhi wakizidi milimita 30, na ncha ya tumbo lake ina pembe iliyochongoka. Jike ni mweusi wa kung'aa kwa ubuluu wa chuma, miguu ya chungwa. Dume ana mkanda mpana wa chungwa katikati ya tumbo, na miguu yake ya nyuma ni minene na myeusi. Vipapasio ni vyeusi vyote. Ukimwona anayefanana na huyu, mhifadhi na uitaarifu ofisi ya misitu mara moja.

Wa pili ni wa familia Orussidae, na huyu usimuue. Utamkuta akikimbia huku na huko juu ya magogo makavu yasiyo na gamba. Vipapasio vyake havikuota katikati ya uso bali chini kabisa, chini ya usawa wa macho, na kipaji chake kina vinundu vilivyopangwa kuzunguka kijicho cha mbele. Watoto wake hawali majani. Hula watoto wa mbawakawa na wadudu wengine wanaotoboa mbao. Anayedhani kwamba kila nyigu-msumeno ni mharibifu, amkumbuke huyu.

Ishia pale ushahidi unapoishia

Ukimaliza hatua zote, andika jina mpaka kiwango ulichokithibitisha, usipite hapo. Kama umeona mwili usiobana kiuno, vidoa viwili vya mgongoni na vipapasio vya pingili tatu, andika Argidae. Kama una pingili kumi au kumi na moja zinazonenepa nchani, mshipa unaokata eneo la bawa na goko lisilo na mwiba wa katikati, andika Athalia. Spishi iache wazi mpaka msumeno utazamwe. Jina la spishi lililobahatishwa ni hatari kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu atakayelisoma baada yako atalichukua kuwa kweli, atapanga dawa kwa hilo, na atalinakili kwenye orodha ya wadudu wa wilaya.

Kila mdudu awe na kikaratasi chake chini ya pini, kilichoandikwa kwa penseli au wino usiofutika: nchi, wilaya na kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari kama unaujua, tarehe, mwezi ukiandikwa kwa herufi ili usichanganywe na siku, mmea aliolelewa juu yake au alipokamatwa, namna alivyopatikana, na jina la aliyemkusanya. Mdudu asiye na kikaratasi ni pambo. Mwenye kikaratasi, hata kama kimeandikwa Athalia peke yake, anaweza kupewa jina kamili na mtaalamu miaka mingi baadaye, na siku hiyo itajulikana ni spishi ipi hasa inayokula sukuma wiki ya kijiji chako.

Wakati jina hilo linasubiriwa, shamba halisubiri. Ukishathibitisha kwamba ni nyigu-msumeno, acha kununua dawa ya bakteria kwa ajili yake. Okota viwavi kwa mkono asubuhi, palilia na kugeuza udongo baada ya mavuno ili vifuko vipigwe na jua, na ng'oa haradali mwitu zinazomhifadhi pembezoni mwa shamba. Kama wamezidi nguvu, mpelekee bwana shamba au bibi shamba mdudu mzima pamoja na kiwavi, si kiwavi peke yake, ili ushauri utakaopewa uwe wa mdudu uliye naye.